Mwenda Jean Bosco: Gitaa moja lililosikika kama mawili

Na Mwandishi Wetu, Misungwi

KATIKA historia ya muziki wa Afrika Mashariki na Kati, ni nyimbo chache zilizotengenezwa na mtu mmoja, bila bendi, bila mpiga ngoma na bila waitikiaji, zikaendelea kupigwa na kusikilizwa kwa zaidi ya miaka 70.

Mojawapo ya hizo ni Masanga, wimbo uliorekodiwa mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, Kongo ya Wabelgiji, na kijana wa umri upatao miaka 22 aliyeitwa Mwenda Jean Bosco.

Waliousikia kwa mara ya kwanza kupitia santuri wengi walidhani wanasikiliza magitaa mawili. Haikuwa hivyo. Lilikuwa gitaa moja, mikononi mwa mtu mmoja, na vidole vya mkono wa kulia vilivyofanya kazi hiyo vilikuwa viwili tu: gumba na cha shahada.

Bosco hakuzaliwa Tanganyika wala hakuishi huku. Hata hivyo, kwa wakazi wa Misungwi na Kanda ya Ziwa kwa jumla, historia yake si ya mgeni. Jina alilolitumia hadi anafariki dunia, Mwenda wa Bayeke, limetokana na safari iliyoanzia upande huu wa Ziwa Tanganyika karibu karne moja kabla ya wimbo wake kurekodiwa.

Asili ya Bayeke

Anayetoka Misungwi leo kuelekea magharibi hupita Kigongo na kuvuka hadi Busisi. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa kivuko, hadi Juni 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Barabara hiyo hupita Sengerema na Geita, kisha huingia Ushirombo na maeneo yanayoizunguka, ambayo ni nchi ya Wasumbwa.

Kutoka kwa Wasumbwa, ndugu wa karibu wa Wanyamwezi na Wasukuma, alitokea mfanyabiashara aliyeitwa Kalasa. Huyu alisafiri na misafara hadi Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mwanawe, Ngelengwa, alimfuata katika biashara hiyo, na kuanzia miaka ya 1850 akajijengea himaya huko huko Katanga. Dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Msiri.

Makao makuu ya Msiri yalikuwa Bunkeya. Watu wake waliitwa Bayeke, jina ambalo wanahistoria huliunganisha na chama cha wawindaji wa tembo, kilichojulikana Usukuma na Unyamwezi kwa jina la bayege. Miongoni mwa majina ya mtawala huyo lilikuwemo pia jina la Mwenda, ambalo limeendelea kutumika katika ukoo wa watemi wa Bunkeya.

Himaya hiyo ilianguka kwa risasi. Desemba 20, 1891, Msiri aliuawa na Kapteni Omer Bodson, ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Bodson naye alipigwa risasi siku hiyo hiyo na akafa. Katanga ikaingia mikononi mwa Wabelgiji, na shaba iliyowavuta Wasumbwa ikaanza kuchimbwa kwa mitambo.

Ni katika Bunkeya hiyo ndipo Mwenda Jean Bosco alipozaliwa mwaka 1930.

Mji wa shaba na gitaa

Wakati Bosco anakua, maisha ya Katanga yaliendeshwa na kampuni moja kubwa, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906. Kampuni hiyo ilikusanya vibarua kutoka sehemu nyingi, zikiwemo Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia.

Watu hao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Lugha iliyowaunganisha kazini, sokoni na kwenye vilabu vya pombe ilikuwa Kiswahili, nacho kikachukua sura yake ya kipekee inayojulikana kama Kiswahili cha Katanga. Bosco aliimba nyimbo zake nyingi kwa lugha hiyo, na hii ndiyo sababu mojawapo ya kusikilizwa kwa urahisi Nairobi, Mombasa, Mwanza na Dar es Salaam.

Mji wa Jadotville, ambao baada ya uhuru ulirejeshewa jina lake la Likasi, ulikuwa miongoni mwa miji ya migodi. Palipo na mshahara wa mwezi hupatikana pia duka, na dukani zilifika bidhaa mbili zilizobadili muziki wa Afrika: gramafoni na gitaa.

Santuri zilizouzwa zilileta sauti za mbali. Zilikuwemo za Kuba, zenye midundo ambayo Waafrika waliitambua mara moja kuwa ni ya jamaa zao waliopotea. Vilevile sinema zilileta waimbaji wa Kimarekani waliovaa kofia pana, wakipiga gitaa juu ya farasi. Vijana wa migodini walivisikiliza vyote hivyo, wakavichanganya na walichokikuta nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na likembe, ala ya vipande vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba, ambayo kwetu hufanana na marimba ya mkono. Mpigaji wa likembe huzoea kugawa akili mara mbili: kidole cha upande huu kinasema neno moja, cha upande wa pili kinajibu jingine. Vijana wa Katanga walipolishika gitaa hawakulipiga kwa kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja. Walizidonoa moja moja, kwa mazoea ya likembe.

Bosco hakuwa peke yake katika mtindo huo. Walikuwepo pia binamu yake, Edouard Masengo, na Losta Abelo. Lakini katika kundi hilo, hakuna aliyezigawa nyuzi za gitaa kwa ustadi kama yeye.

Kukutana na Hugh Tracey

Mwaka 1952 alifika Jadotville Mwingereza aliyeitwa Hugh Tracey. Alizaliwa mwaka 1903 na alikuja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kwa ajili ya kilimo cha tumbaku. Shambani ndiko alikowasikia vibarua wakiimba, na tangu hapo maisha yake yakageuka. Alianza kurekodi muziki wa Waafrika mwaka 1929 na hakuacha karibu hadi kifo chake mwaka 1977.

Kanda ya Ziwa nayo aliifahamu. Mwaka 1950 alizunguka Tanganyika, na miongoni mwa waliorekodiwa katika safari hiyo walikuwemo wapiga enanga wa Bukoba.

Tracey alisafiri na gari lenye mitambo ya kurekodia. Jenereta iliwekwa mbali, ikaunganishwa kwa waya mrefu ili ngurumo yake isiingie kwenye sauti. Kipaza sauti hakukisimamisha mahali pamoja. Alikishika mkononi, akikisogeza karibu na ala au mdomo wa mwimbaji kulingana na kilichokuwa muhimu wakati huo.

Kazi yake ilihusiana na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyoanzishwa na Eric Gallo mwaka 1926. Santuri za kampuni hiyo ziliuzwa kwa nembo ya Gallotone. Nembo hiyo hiyo iliwekwa pia kwenye magitaa ya bei nafuu, kiasi kwamba hapa Tanzania wazee wa muziki huliita gitaa kavu galatoni. Hata John Lennon wa kundi la The Beatles, aliyeanza muziki Liverpool, Uingereza, katika miaka ya 1950, gitaa lake la kwanza lilikuwa la Gallotone.

Tracey alimkuta Bosco akipiga gitaa mtaani. Hakuwa msanii wa ukumbi wala mwajiriwa wa redio. Alikuwa kijana wa mjini anayejiburudisha na kuwaburudisha wapita njia, kama walivyokuwa wengi wakati huo. Tracey alitambua mara moja kuwa aliyekuwa mbele yake hakuwa wa kawaida, akamrekodi.

Dakika tatu bila kusahihisha

Ili kuupima uzito wa kazi iliyofanyika siku hiyo, ni vyema msomaji akaelewa hali ya urekodi ya wakati huo.

Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, yenye upana wa inchi 10, ilibeba dakika zipatazo 3 kwa kila upande. Wimbo uliozidi hapo haukuingia. Mwanamuziki aliyezoea kupiga mtaani kwa nusu saa, akirefusha anapopendezwa na kufupisha anapochoka, alilazimika kuubana muziki wake katika nafasi hiyo.

Zaidi ya hayo, hapakuwa na nafasi ya kuongeza sauti baadaye. Mwaka mmoja tu kabla, nchini Marekani, Les Paul na mkewe Mary Ford walikuwa wametoa wimbo How High the Moon, ambamo gitaa la mtu mmoja na sauti ya mtu mmoja zilirekodiwa tabaka juu ya tabaka hadi zikasikika kama kundi zima. Miaka 20 baadaye, mwaka 1972, Stevie Wonder alirekodi Superstition akipiga mwenyewe ngoma, kinanda na besi, kimoja baada ya kingine, kisha vikaunganishwa kwa mitambo.

Bosco hakuwa na njia hiyo. Besi, mdundo, sauti ya juu ya gitaa na sauti ya kuimba vilipaswa kutoka kwake kwa wakati mmoja, kwa gitaa lisilo la umeme, mbele ya kipaza sauti kimoja. Akikosea, anaanza upya. Akipatia, ndiyo imekwisha.

Wimbo ulivyojengwa

Siri ya Masanga iko katika mgawanyo wa kazi.

Gumba linashika nyuzi nene. Hilo ndilo linalotembeza wimbo, likishuka na kupanda kama mpiga besi wa bendi. Kidole cha shahada kinashika nyuzi nyembamba na kupiga sauti ya juu ambayo ina mwendo wake, maneno yake na mahali pake pa kupumzika.

Kama vidole hivyo viwili vingeanza na kumaliza pamoja, sikio lingesikia gitaa moja. Bosco hakuviacha vikutane kirahisi. Kimoja kinaanza sentensi wakati kingine kiko katikati ya yake. Kimoja kinapovuta pumzi, kingine kinajaza pengo. Msikilizaji anayejaribu kupiga makofi hujikuta anaweza kufuata njia zaidi ya moja, na zote zikawa sahihi.

Kisha kuna mabadiliko. Gitaa la Masanga halirudii jambo lile lile tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mzunguko huleta kitu kidogo kipya: noti imeongezwa, nyingine imecheleweshwa, besi imegeuzwa. Msingi unabaki pale pale lakini juu yake nyumba inajengwa upya kila mara. Kwa dakika 3 hizo, anayesikiliza hapati nafasi ya kuchoka.

Juu ya yote hayo, Bosco anaimba. Sauti yake haikufuata tu nyuzi za gitaa, bali iliingia na kutoka kama mtu wa tatu katika mazungumzo. Wapigaji gitaa wengi wanakiri kuwa hapo ndipo ugumu ulipo, kwani mkono unaweza kufundishwa kwa mazoezi, lakini kuimba jambo moja huku vidole vikisema mengine mawili kunahitaji utulivu wa ndani.

Santuri yavuka mipaka

Gallotone ilitoa wimbo huo na nyingine zake, ukiwemo Bombalaka. Masanga ilipewa tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa rekodi bora ya muziki wa Kiafrika kwa mwaka 1952. Katika miaka iliyofuata Bosco alirekodi nyimbo nyingine nyingi, na baadhi yake, kama Tambala Moja, zilipendwa sana.

Santuri za Katanga zilifika Rhodesia, Nyasaland, Kenya, Uganda na Tanganyika. Kanda ya Ziwa wakati huo ilikuwa inapata fedha za pamba, na mwaka 1955 wakulima wake waliunganisha vyama vyao chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, yenye makao yake Mwanza. Fedha za pamba zilinunua baiskeli, mabati na gramafoni, na gramafoni ilihitaji santuri.

Athari kubwa zaidi ilionekana Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi na kuishi huko kwa muda, akitangaza dawa ya Aspro kwa nyimbo na kuwa na kipindi chake cha redio. Masengo naye alifika Nairobi, na yeye alitangaza Coca-Cola. Matangazo hayo ya biashara yalikuwa shule kwa vijana wa Kenya.

Katika magharibi ya Kenya hasa, miongoni mwa Waluhya, kizazi kizima cha wapiga gitaa la mkono kilichipuka. Wengine waliendeleza njia zao wenyewe, kama George Mukabi na mtindo wake wa omutibo, ambamo mwenzake hugonga chupa ya soda kutoa mdundo. Hata hivyo, kila aliyelishika gitaa kavu katika miaka hiyo alijua kuwa kipimo chake ni Masanga. Aliyeuweza alihesabika fundi.

Hivyo basi, muziki uliobebwa na wajukuu wa misafara ya Usumbwa ulirejea kando ya Ziwa Victoria kwa njia ya santuri.

Machafuko, ajira na jina jipya

Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku 11 baadaye Katanga ilijitangaza kuwa nchi, ikiongozwa na Moise Tshombe. Waziri wake wa Mambo ya Ndani alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri wa Bunkeya. Uasi huo uliisha Januari 1963, baada ya damu nyingi kumwagika.

Ulikuwa wakati mgumu kwa mwanamuziki. Sauti iliyokuwa ikitawala Kongo wakati huo ilikuwa ya Leopoldville, ambayo baadaye iliitwa Kinshasa, pamoja na bendi zake kubwa, magitaa ya umeme na matarumbeta. Mtu mmoja na gitaa kavu alianza kuonekana wa zamani ilhali alikuwa hajatimiza miaka 35.

Bosco hakutegemea muziki peke yake. Alifanya kazi za ofisini, akaingia katika biashara ya hoteli, na muziki akaendelea nao pembeni. Aliwahi pia kuwa na bendi yake ya umeme. Mwaka 1969 alisafiri hadi Marekani na kupiga katika tamasha la muziki wa asili la Newport.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Rais Mobutu Sese Seko aliibadili Kongo kuwa Zaire na Katanga kuwa Shaba, akaagiza wananchi waache majina ya Kizungu. Jean Bosco likawekwa kando. Mwanamuziki huyo akawa Mwenda wa Bayeke. Amri ilikuwa ya serikali, lakini jina alilolichagua lilimrudisha moja kwa moja Bunkeya na, kupitia Bunkeya, kwa wawindaji wa tembo wa upande huu.

Wasomi wapiga hodi

Wakati redio za nyumbani zikimsahau, wasomi wa nje walikuwa wakikuna vichwa. David Rycroft, mwanazuoni wa muziki aliyefundisha Chuo Kikuu cha London, alichapisha mwaka 1961 na 1962 uchambuzi mrefu wa gitaa la Bosco, akiandika kwa noti kile alichokisikia kwenye santuri. Ni mara chache wakati ule muziki wa mtaani wa Kiafrika kupewa uzito wa namna hiyo.

Mwaka 1979 Mwingereza mpiga gitaa, John Low, alisafiri hadi Shaba kujifunza kwa wakongwe hao wenyewe, na mwaka 1982 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Gerhard Kubik wa Austria naye alimfuatilia Bosco kwa karibu. Mwaka 1982 Bosco alialikwa Ulaya na kupiga Ujerumani. Elijah Wald, mwandishi na mpiga gitaa wa Marekani, alikwenda Lubumbashi kukaa miguuni pake kama mwanafunzi.

Mwaka 1988 alirekodi albamu katika mji wa Cape Town, Afrika Kusini. Miaka 36 ilikuwa imepita tangu siku ya Jadotville. Vidole vilikuwa bado viwili.

Septemba 1990 Mwenda wa Bayeke alifariki dunia kwa ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 60. Albamu ya Cape Town ilisambazwa Marekani kwa CD miaka michache baada ya kifo chake.

Mwaka 2001 John Williams, mmoja wa wapiga gitaa la kilasiki wanaoheshimiwa zaidi duniani, alitoa albamu ya muziki wa Kiafrika, na ndani yake akaiweka Masanga. Wimbo uliozaliwa mtaani, kutoka kwa kijana ambaye jina lake halikuwa katika orodha ya chuo chochote cha muziki, ukawa sehemu ya kazi za mabingwa.

Suala la haki

Pamoja na sifa zote hizo, habari ya Bosco inaacha swali kuhusu malipo na umiliki ambalo halijapoteza uzito.

Katika miaka ya 1950 ilikuwa kawaida kwa mwanamuziki wa Kiafrika kulipwa mara moja baada ya kurekodi, kisha santuri ikaendelea kuuzwa bila yeye kujua idadi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Solomon Linda wa Afrika Kusini. Wimbo wake Mbube, uliorekodiwa mwaka 1939, uliuzwa haki zake kwa shilingi 10. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, wakati wimbo wake ukiingiza mamilioni ng'ambo, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu.

Hapa nyumbani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999 na kuzaa chombo kinachojulikana kama COSOTA. Ni hatua kubwa ikilinganishwa na zama za Bosco. Lakini ni rahisi zaidi kwa sheria kumlinda yule ambaye jina lake linajulikana.

Kwa bahati, jina la Bosco liliandikwa. Tracey alikuwa na tabia ya kuorodhesha kila alichorekodi: mpigaji, mahali, lugha, ala na mwaka. Kumbukumbu hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954, na ambayo tangu mwaka 1978 iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baadaye rekodi za Katanga za miaka ya 1950 zilitolewa upya kwa CD nchini Uholanzi, zikisafishwa kwa mitambo ya kisasa.

Bila orodha hiyo, Masanga ingebaki wimbo wa watu, usio na mwenyewe, na kila mpiga gitaa angeweza kudai ni wake.

Funzo kwa Kanda ya Ziwa

Usukuma una utajiri wake wa muziki. Makumbusho ya Bujora huko Kisesa, iliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, imehifadhi ngoma na vifaa vya Wasukuma. Ngoma iliyohifadhiwa, hata hivyo, haitoi sauti bila mpigaji, na wapigaji ni binadamu wanaozeeka.

Wapo katika vijiji vya Misungwi, kama ilivyo kwingineko, wazee wanaojua kupiga zeze na ala nyingine kwa namna ambayo haijaandikwa popote. Wapo pia vijana wenye magitaa wanaopiga harusini na minadani. Nani kati yao ana Masanga yake vidoleni, hakuna ajuaye mpaka asikilizwe.

Mwaka 1952 kurekodi kulihitaji gari, jenereta na kampuni ya Johannesburg. Leo simu ya mkononi inatosha. Kinachohitajika zaidi ni kile ambacho Tracey alikifanya baada ya kuzima mashine yake: kukaa chini na kuandika jina la mpigaji, kijiji chake, ala yake na tarehe.

Mwenda Jean Bosco alifanya sehemu yake kwa dakika 3. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya wale waliomsikia, nao walihakikisha kuwa miaka 70 baadaye wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ana jina.